Sauti juu ya mashine: niliyojifunza kwa Maxi Jazz

Wadogo zangu mnaoanza kuchana mistari juu ya muziki wa kielektroniki, kila anayeniuliza aanzie wapi humwambia akamsikilize kwanza Maxwell Fraser, Mwingereza wa Brixton, London, aliyejulikana kwa jina la Maxi Jazz na aliyekuwa sauti ya kundi la Faithless. Simtaji kwa umaarufu wake. Namtaja kwa sababu kazi yake ndiyo iliyonitoa katika kosa ambalo karibu kila mgeni wa fani hii hulifanya, yaani kudhani kwamba biti ikienda kasi basi na mdomo nao lazima uikimbize.

Nilipoingia studio mara ya kwanza nilikuwa nimeandika mistari ya kuijaza biti nzima, pasipo hata pa kuvuta pumzi. Prodyuza alinisikiliza mpaka mwisho, akaufuta ubeti wote wa pili, akaucheza wimbo tena, nao ukapendeza zaidi. Niliumia sana. Usiku ule nilivaa hedifoni, nikashika daftari na kuusikiliza upya Insomnia, wimbo wa Faithless uliotoka mwaka 1995, nikiweka alama kila mahali Maxi Jazz anaponyamaza. Biti yake inakaribia mapigo 127 kwa dakika, mwendo wa kuinua watu vitini, lakini yeye anaongea taratibu kama mtu aliye peke yake chumbani gizani, akisimulia usiku wa mtu asiyepata usingizi. Akishalisema hilo ananyamaza kabisa, na kinanda cha Sister Bliss, mpiga kinanda wa Faithless, kinaingia kuendeleza pale maneno yalipoishia. Angeongeza mstari mmoja tu pale, kinanda kile kisingesikika kama tunavyokikumbuka leo.

Jaribuni zoezi hilo kwa wimbo wowote mnaoupenda, kisha rudini kwenye mistari yenu mkate theluthi yake. Semeni karibu na maiki, kwa sauti ya kawaida, maana sauti ya kupayuka hushindana na ngoma na besi, na mara nyingi hushindwa.

Jambo la pili ni umri, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa nimewaona vijana wenye vipaji wakiacha wakiwa na miaka 25 kwa kudhani wamechelewa. Maxi Jazz alizaliwa Juni 14, 1957, kwa hiyo Insomnia ilipotoka alikuwa na miaka 38, na ulipotolewa upya mwaka uliofuata ukashika nafasi ya 3 Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha kipindi cha muziki katika redio isiyo na leseni jijini London, na mwaka 1989 aliunda kundi lake la hip hop, Soul Food Cafe. Miaka ile ya kuzungumza na wasikilizaji asiowaona ndiyo, kwa maoni yangu, iliyompa ule utulivu. Hakuupata siku aliyokutana na Rollo, prodyuza wa Faithless, na Sister Bliss.

Tena alikuwa na la kusema. Alikuwa Mbudha, na mashairi yake yaliuliza maswali ya imani na ya haki mbele ya umati uliokuja kucheza. Mass Destruction ya mwaka 2004 inazungumzia vita, ubaguzi na uroho, na bado ilipigwa katika kumbi za starehe. Albamu iliyoubeba wimbo huo, No Roots, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Msiamini anayewaambia kwamba mchezaji hataki kufikiri.

Faithless waliposimamisha kazi mwaka 2011 hakubaki akiimba vibao vya zamani. Mwaka 2015, akikaribia miaka 60, alikuja na kundi jipya, The E-Type Boys, akiimba huku akipiga gitaa mwenyewe, na hadi alipofariki Desemba 23, 2022, hakuwa ameuacha muziki.