Ukienda kumfuatilia mlezi wa klabu ya sayansi, liache daftari nyumbani

Mwaka wangu wa kwanza wa kuwafuatilia walezi wa klabu za sayansi za jioni hapa Mbeya, nilikuwa nakaa nyuma ya darasa na daftari. Kila kosa naandika. Siku moja, Uyole, nikamsomea dada mmoja makosa yake kumi na moja, tena watoto wengine hawajatoka hata mlangoni. Wiki iliyofuata nikamkuta amefungia betri na balbu kabatini, anaandika ubaoni maana ya saketi na watoto wananakili. Sikumlaumu. Nani angethubutu kujaribu kitu mbele ya daftari lile?

Wengi wa walezi hawa si walimu. Ni vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri ajira, au akina mama wa mtaani wenye moyo. Vifaa vikikosekana wanajua kubuni. Wanachokiogopa ni swali la mtoto wasilo na jibu lake.

Siku hizi kila ninapokwenda nabeba ombi moja tu, tunakubaliana kabla ya kipindi. La kwanza huwa kunyamaza kidogo baada ya kuuliza swali. Tangu miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja hivi, na kwamba akisubiri tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na kubeba sababu. Lakini usimhubirie mlezi hayo. Mwombe arekodi dakika tano za kipindi chake kwa simu, sauti tu, akasikilize nyumbani na kuhesabu mwenyewe sekunde anazosubiri. Yule dada alinirudia anacheka: "Kaka, kumbe swali nauliza mimi, jibu natoa mimi!" Ningemwambia mimi, tungenuniana.

Ombi la pili: watoto wakiunga nyaya, mikono ya mlezi ikae mgongoni. Hili huwashinda wengi, mimi nikiwemo.

Sasa maharage. Mtoto mmoja alirudi likizo kutoka kwa bibi yake Kyela, akauliza kwa nini kule yanaiva upesi kuliko hapa. Dada akanitazama. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikauma ulimi. Kimya kikawa kirefu, kisha akasema, "Mimi sijui. Tuchemshe maji tuone." Kipimajoto kikasimama kwenye 94. Watoto wakapiga kelele kuwa ni kibovu, kitabu kinasema 100. Kikaletwa kingine: 94 tena. (Kiwe cha maabara, cha kupimia homa kitapasuka.) Vilipita vipindi viwili hadi wakafika kwenye mwinuko: Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela iko kama 500, karibu na Ziwa Nyasa. Huku juu hewa haiyakandamizi maji kwa nguvu kama kule chini, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika joto lile la Kyela, na maharage yanakawia.

Huwa nawasimulia walezi kisa cha Erasto Mpemba, yule aliyeona mchanganyiko wa aiskrimu ukiwekwa wa moto unaganda kabla ya uliopoa. Alikuwa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, alipomuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuzungumza nao. Wenzake walimcheka. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Watu humsifu Mpemba, na anastahili. Mimi kwa walezi nakazia kwa Osborne.

Kipindi kikiisha, usianze wewe kusema. Uliza: leo uliwaona wapi watoto wakifikiri? Kisha subiri, hata kama chai inapoa.

Alhamisi iliyopita mtoto mwingine akauliza kama kuweka jiwe juu ya mfuniko kutayaivisha maharage mapema. Dada akageuka kunitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu.