“Programu chaguo-msingi” au “programu ya kufungulia”?

SWALI: Nafundisha kompyuta sekondari. Faili za PDF kwenye mashine zetu zimeanza kufungukia kwenye kivinjari badala ya programu tuliyoizoea. Nataka kubandika ukutani maelekezo ya kurekebisha. Wanafunzi wanasema “difolti” (default). Niandike “programu chaguo-msingi”? Na je, faili inafunguliwa “na” programu au “kwa” programu?

JIBU: Mwalimu, “chaguo-msingi” si kosa. Limezoeleka katika menyu za simu na kompyuta zilizowekwa Kiswahili, na mwanafunzi anapaswa kulitambua akikutana nalo. Lakini kwenye karatasi ya ukutani nisingeanza nalo. Msingi kwetu ni kile kinachobeba nyumba. Ukiuondoa, nyumba inaanguka. Programu hii haibebi chochote. Ni ile inayoitikia usipotaja nyingine, na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. “Chaguo” nalo linadai kuna aliyechagua, ilhali wanafunzi wako wanalalamika kwa sababu hawakuchagua kivinjari hicho.

Kitenzi kinatutosha. Kauli ya kutendea, pamoja na kazi zake nyingine, hutaja chombo cha kufanyia jambo: kisu cha kukatia nyama, jiko la kupikia, nyundo ya kupigilia misumari. Basi iwe programu ya kufungulia PDF, ya kuandikia barua, ya kusikilizia muziki. Mtoto wa kidato cha kwanza haulizi maana yake. Kwa picha tu ningeepuka “ya kutazamia”, maana kutazamia kumeshachukuliwa na maana ya kutarajia. “Ya kufungulia picha” inatosha.

Kuhusu “na” na “kwa”: mtenda huchukua “na”, chombo huchukua “kwa”. Mkate umekatwa na mama kwa kisu. Mwanafunzi akifungua faili mwenyewe, faili imefunguliwa na mwanafunzi kwa programu fulani. Wewe hata hivyo umeandika “kufungukia kwenye kivinjari”, na hapo umepatia kuliko ulivyodhani: kufunguka hakutaji mtenda, na ndivyo ilivyotokea, faili imejiendea isikotakiwa.

Kwa mashine za Windows ningeandika hivi: “Bofya faili ya PDF kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Nenda kwenye ‘Fungua kwa’ (Open with), kisha uchague programu nyingine. Teua unayotaka iwe ya kufungulia PDF, na uthibitishe kwamba itumike kila mara, si mara hii tu.” Maneno hayo ya mwisho usiyakate. Asiyethibitisha ataiona faili moja imefunguka vizuri, na kesho faili inayofuata inarudi kwenye kivinjari. Wala usiandike “faili zote”, kwa sababu Windows hufuata kiendelezi, yaani zile herufi baada ya nukta mwishoni mwa jina: ukibadilisha ya .pdf, za .docx hazijaguswa.

Ukiamua kubaki na “chaguo-msingi”, angalia upatanisho. Likisimama peke yake ni la ngeli ya LI-YA: chaguo-msingi limebadilika, machaguo-msingi yamebadilika. Likifuata “programu”, programu ndiyo inayoongoza: programu chaguo-msingi imebadilika, programu chaguo-msingi zimebadilika. “Chaguo-msingi imebadilika”, ninayoiona mara kwa mara, ni ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu.