Baba hasemi, lakini anaimba

Shikamoo. Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelegea na neno lake ni moja tu, "hii, hii". Ila kanisani anaimba nyimbo za zamani na maneno yake. Kaka zangu wanasema anatuigizia. Ni kweli? (Binti, Machame)

Marahaba, binti yangu. Si kweli, na kaka zako waache kuyasema hayo mbele ya mzee, maana huenda anaelewa kuliko wanavyodhani. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, upande uleule unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo maana vimepotea pamoja. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimweleza mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja, "tan", huku akielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, kushoto.

Hali hii inaitwa afasia. Wimbo uliozoeleka husaidiwa pia na upande wa kulia, ambao kwa baba yako yaelekea haukuguswa, kwa hiyo maneno yaliyoshikana na tuni hutoka. Sala na kuhesabu vilevile. Wapo wataalamu wanaoanzia hapohapo: neno "maji" linaimbwa polepole huku mgonjwa akigonga meza kwa mkono wa kushoto. Mkienda kliniki katika hospitali ya KCMC, ulizeni mazoezi ya kuongea, si ya mkono na mguu peke yake. Nyumbani, mwulizeni "Unataka mtori?", si "Utakula nini?", kisha mumsubiri, hata kimya kikiwa kirefu. Msimpazie sauti, masikio yake ni mazima. Na kama amepewa dawa za presha, asiziruke hata siku moja.

Nina mwanafunzi wa darasa la pili anayezubaa katikati ya kuandika. Nikimwita hasikii, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Ni shida ya umakini? (Mwalimu, Arusha)

Mwalimu, umeona jambo ambalo wengi hulikosa. Mtoto mwenye shida ya umakini huhangaika darasani na nyumbani pia, kwa miezi, na ukimgusa bega anageuka. Huyu wako, ikiwa hata akiguswa hashtuki, macho yamekodoa au kope zinachezacheza kwa sekunde chache, yawezekana ana kifafa kisichoangusha. Kinatokea mara nyingi kwa siku, na kina dawa. Andika saa na muda wa kila tukio, mama ampeleke kwa daktari na karatasi hiyo. Masikio nayo yapimwe. Fimbo haitibu hata kimoja kati ya hivi, na neno pepo lisitajwe shuleni.

Mwanangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Nimlazimishe wa kulia? (Mama, Usa River)

Usimlazimishe, ubongo wake hauna kasoro kwa sababu hiyo: hata kwa mashoto walio wengi, lugha iko upande wa kushoto wa ubongo vilevile.

Mama mkwe baada ya kiharusi anaongea Kichaga tu. Kiswahili kimekwenda, na mimi ni Mnyiramba. (Mkwe, Pasua)

Pole, mama. Usidhani amekukataa. Kiharusi huweza kugusa lugha moja kuliko nyingine: kwa wengine hubaki ile ya utotoni, kwa wengine ile waliyoitumia zaidi, na nyingine huweza kurudi taratibu. Chukua daftari, mumeo akuandikie maneno ishirini ya Kichaga cha kwao, maana Kibosho na Rombo hawasemi sawa. Anzeni na maji, choo, inauma, na pembeni ya kila neno mchore picha yake.