DMSO maabarani: maswali mliyotuma

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu chupa moja: dimethili salfoksaidi, kiyeyushi ambacho wote tunakiita DMSO. Nimechukua machache, nikaegemea zaidi upande wa wanaokuza seli, maana huko ndiko watu wanaharibikiwa bila kujua.

Kwa nini karibu kila dawa ya majaribio huja ikiwa kwenye DMSO? Etanoli ina ubaya gani?

Haina ubaya, ila haifiki mbali. Molekuli nyingi zinazobuniwa ziwe dawa hazitaki maji, na etanoli inazimudu baadhi tu. DMSO ina oksijeni yenye mvuto mkali upande mmoja na vikundi viwili vya methili upande mwingine, kwa hiyo inaelewana na chumvi kadhaa, inaelewana na vitu vinavyokataa maji, na bado inachanganyika na maji yenyewe kwa kiwango chochote. Tena haipotei hewani upesi. Inachemka kwenye nyuzi joto 189, hivyo matone machache ndani ya sahani ya maabara yenye visima vidogo 384 hayakauki ukiwa bado unahangaika na pipeti. Ndiyo maana hifadhi za molekuli za utafiti huwekwa kwenye DMSO, mara nyingi kwa milimola 10 kwa lita.

Sifa hiyo hiyo ni kero kwa mkemia anayetaka kuiondoa baada ya mmenyuko. Kuichemsha mpaka iishe ni kujitesa, na ikipata joto kali huanza kuoza, wakati mwingine kwa hatari. Wengi huongeza maji mengi, kisha hukamua wanachokitaka kwa kiyeyushi kingine.

Asubuhi nimekuta chupa imeganda kabatini. Imeharibika?

Hapana. DMSO safi huganda kwenye nyuzi 18.5, kwa hiyo chumba kikipoa kidogo tu inakuwa barafu. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, kifuniko kikiwa kimefungwa, itayeyuka yenyewe. Mimi ningeshtuka zaidi chupa iliyokuwa ikiganda kila baridi ikiingia ingeacha kuganda: hiyo imekunywa maji. DMSO hufyonza unyevu wa hewa kwa pupa, na maji kidogo tu hushusha kiwango chake cha kuganda.

Hilo linagusa pia vichupa vya dawa ulivyovitunza kwenye friji. Kila ukivitoa na kuvifungua vikiwa bado vya baridi, unyevu unaingia, ukolezi unashuka, na dawa isiyopenda maji inaanza kutuama chini. Gawa myeyusho kwenye vichupa vidogo tangu mwanzo, acha kichupa kifike joto la chumba kabla ya kukifungua, halafu utikise vizuri kabla ya kuchota.

Nimeambiwa DMSO ikiwa asilimia 0.1 haina athari kwa seli. Bado nahitaji kontroli, yaani kisima cha kulinganishia kisicho na dawa?

Unaihitaji, tena hapa sina mjadala. Piga hesabu. Asilimia 0.1 ya DMSO ni takriban milimola 14 kwa lita. Kama dawa yako iko kwenye mikromola 10, kila molekuli moja ya dawa imezungukwa na molekuli zipatazo 1,400 za DMSO. Anayesema kitu kilichozidi kingine kwa kiasi hicho “hakipo” anasema kwa mazoea, hajapima.

Seli nyingi huvumilia asilimia 0.1, nyingi zinastahimili hata 0.5, lakini kuvumilia si sawa na kutobadilika. Mfano unaojulikana ni seli za leukemia (saratani ya damu) ziitwazo HL-60: zikikaa siku kadhaa kwenye DMSO ya takriban asilimia 1.3 zinaacha kugawanyika hovyo na kuanza kukomaa kuelekea kuwa kama chembe nyeupe za neutrofili. Hakuna dawa iliyowekwa, ni kiyeyushi peke yake.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye kupunguza makali. Mtu anachukua myeyusho wa dawa, anauongezea maji ya kukuzia seli, anaendelea kuuzimua hatua kwa hatua. Kisima cha dozi kubwa kinaishia na DMSO asilimia 1, cha dozi ndogo 0.01. Grafu inatoka nzuri, inateremka vizuri, na huwezi kujua kilichoua seli ni nini. Zimua dawa ndani ya DMSO kwanza, kisha toa ujazo uleule kutoka kila hatua uutie kwenye kila kisima. Kontroli yako nayo ipate ujazo huohuo wa DMSO tupu. Weka na kisima kisicho na DMSO kabisa, ndicho kitakachokuonyesha kiyeyushi chenyewe kimefanya nini.

Sisplatini yangu (dawa ya saratani yenye platinamu) haiui seli hata nikiongeza dozi. Nimeiyeyusha kwenye DMSO kama dawa nyingine.

Hapo ndipo penye tatizo. Salfa ya DMSO hushikamana na platinamu na kuchukua nafasi ya sehemu zilizokuwa zimeshikwa hapo, kwa hiyo unachoweka kwenye seli si sisplatini tena. Itengeneze kwa maji ya chumvi, asilimia 0.9 ya sodiamu kloraidi. Kloridi husaidia ibaki ilivyo. Karboplatini na jamaa zake wa platinamu nao usiwapeleke kwenye DMSO.

Kwa nini tunagandisha seli kwa DMSO asilimia 10, na kwa nini msimamizi anatuharakisha hivyo?

Maji yakiganda nje ya seli, chumvi iliyobaki inakolea na kuzidhuru, na barafu ikijitengeneza ndani, utando hupasuka. DMSO hupenya ndani ya seli na kupunguza yote mawili. Lovelock na Bishop walilionyesha hilo mwaka 1959, miaka kumi baada ya gliseroli kufanya kazi kama hiyo kwenye mbegu za kiume.

Haraka anayoitaka inatokana na kwamba asilimia 10 kwenye joto la chumba inaziumiza seli. Kwa hiyo: changanya, tia kwenye vichupa, peleka kwenye chombo kinachopooza kwa takriban nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha kwenye nitrojeni kimiminika. Kuyeyusha ni kinyume chake: ingiza kichupa kwenye maji ya nyuzi 37, kitoe kikiwa kimebaki na kipande kidogo cha barafu, kisha uzimue taratibu kwa maji ya kukuzia na kuondoa DMSO.

DMSO inasaidia PCR, ile njia ya kunakili DNA?

Kwa vipande vya DNA vyenye herufi G na C nyingi, ndiyo. Jaribu asilimia 3 hadi 5. Hulegeza mikunjo ya DNA na kushusha joto la kushikana kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili), kwa hiyo punguza joto hilo nyuzi chache. Ukifika asilimia 10 unamuumiza polimerasi wa Taq, kimeng'enya kinachofanya kunakili huko.

Nimemwagikiwa kidogo kwenye glavu, kisha nikahisi ladha ya kitunguu saumu mdomoni. Ni mawazo yangu?

Si mawazo. DMSO ilipita kwenye glavu na ngozi. Mwili hugeuza sehemu ya DMSO kuwa dimethili salfaidi, nayo hutoka kwa pumzi na kuleta ladha hiyo. DMSO yenyewe haina sumu kali. Marekani iliidhinisha myeyusho wake wa asilimia 50 mwaka 1978 kwa ugonjwa fulani wa kibofu. Shida ni ilichobeba: inapopita kwenye ngozi inaweza kupita pamoja na kilichoyeyushwa ndani yake, na kwenye maabara kitu hicho mara nyingi ni dawa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuimeza. Glavu nyembamba za nitraili zinakinga rasharasha kwa muda mfupi tu. Zikilowa, vua palepale, nawa, vaa mpya. Kama ulichokuwa umekiyeyusha ni sumu ya seli, mwambie msimamizi leo hii, hata kama ladha imeshaisha.