Kindi wa kijivu Uingereza hawakutoka kwa jozi moja
Watu husema kindi wote wa kijivu Uingereza walitokana na jozi moja iliyoachiwa 1876. Hapana, jozi hiyo ya 1876 pale Henbury Park, Cheshire, ndo ya kwanza kurekodiwa tu, baada ya hapo matajiri waliendelea kuwaleta toka Marekani na Duke wa Bedford, bwanyenye mmoja, akawa anawagawa kama zawadi toka shamba lake la Woburn, mpaka Ireland wakafika 1911. DNA ndo inaonyesha hivyo, watafiti wa Imperial College, chuo kikuu cha London, walipima wakakuta kindi wa maeneo tofauti bado hawafanani kijenetiki, wangekuwa wamesambaa wenyewe msitu kwa msitu wangeshachanganyika zamani. Ila wakishaachiwa wanazaana haraka sana, na wanabeba kirusi kinachowatoa kindi wekundu wa kienyeji vidonda machoni na mdomoni mpaka wanakufa, hao wa kijivu wenyewe hawaumwi, inasikitisha sana.