Ngozi kavu ya mjamzito: rekebisha kuoga kwanza, mafuta baadaye

Hewa ya Tanga ina unyevu karibu mwaka mzima, na bado wajawazito wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni wanalalamikia kitu kimoja: miguu inatoa magamba, tumbo linawasha. Mimba yenyewe inachangia, kwa kuwa homoni hubadilika na ngozi ya tumbo, matiti na mapaja huvutwa. Lakini mara nyingi kinachozidisha kiko bafuni.

Kaskazi ikishika, mwenye mimba kubwa ataoga mara tatu kwa siku, na hana kosa. Tatizo ni sabuni mara tatu. Tumia sabuni mara moja tu kwa siku, iwe laini isiyo na manukato, na ipitie kwapani, mapajani kwa juu na nyayoni. Mikono, tumbo na miundi maji matupu yanatosha. Sabuni ya mche iachie nguo, kwa sababu ukali wake huondoa mafuta ya asili ambayo ndiyo yanazuia maji yasitoke kwenye ngozi. Dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo ya kuogea nayo haina faida kwa ngozi nzima, inaikausha tu. Maji yawe ya baridi au vuguvugu, usizidishe dakika 10, na dodoki lisiguse tumbo.

Kama unaogea maji ya kisima yenye chumvi, weka kando makopo mawili ya maji ya bomba au ya mvua ya kujisuuzia mwisho. Chumvi ikikaukia mwilini huchoma pale palipopasuka.

Baada ya hapo jikaushe kwa khanga iliyochakaa, kwa kugusagusa bila kusugua, na upake mafuta ndani ya dakika 3 ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta hayaongezi maji, yanayafungia yaliyopo. Anayepaka saa nzima baadaye anang'arisha ukavu. Vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi vinatosha tumbo, nyonga na miguu. Miundi ikiwa imepasuka, ongeza mafuta mgando yasiyo na harufu juu yake usiku. Paka ukiwa umekaa kwenye kigoda nje ya bafu. Sakafu ikidondokewa mafuta, mwenye tumbo la miezi minane huteleza kirahisi. Nyayo zipake ukishapanda kitandani, kisha vaa soksi.

Mafuta ya nazi ya nyumbani ni mazuri yakipikwa vizuri. Tui zito libandike kwenye moto mdogo bila kufunika, ukoroge, mpaka mashapo yawe ya kahawia na ile sauti ya kutokota inyamaze kabisa. Sauti ikiendelea, maji bado yamo, na mafuta hayo baada ya muda yatavunda. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu. Asubuhi za kusi yakiganda kidogo usiyatupe: mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yaliyovunda usipake, huwasha. Glisarini nayo inafaa, ila ichanganye nusu kwa nusu na maji safi na uipake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Ikiwa tupu hunata na huweza kuchonyota.

Makungwi watakuletea liwa, ule msandali uliosagwa wa kupaka mwilini. Ukitaka kupaka, ioshe kabla haijakauka na kupasuka, maana ikikaukia mwilini huondoka na unyevu. Singo, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili, yenye karafuu nyingi iache mpaka ujifungue. Hina ya kawaida ya majani haina neno kwa wengi, lakini piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele huweza kutoa malengelenge na kuacha kovu.

Hapa hatulegezi neno: mkorogo wa kung'arisha ngozi hapana. Zebaki inayoweza kuwemo hupita kwenye kondo na kudhuru ubongo na figo za mtoto. Haidrokwinoni hunyonywa kwa wingi kupitia ngozi. Klobetasoli, steroidi kali inayojificha kwenye krimu nyingi za kung'arisha, ikipakwa kwa wingi mimba nzima inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Retinoli na tretinoini za chunusi na mikunjo nazo ziache. Krimu isiyoandikwa viambato usiinunue, hata muuzaji aape.

Kunywa maji, ndiyo, glasi 8 hadi 10 kwa siku, ila usitarajie maji ya kunywa peke yake yalainishe miundi.

Sasa muwasho ambao si ukavu. Vipele vikianzia kwenye michirizi ya tumbo na kuruka kitovu, kwa kawaida havimdhuru mtoto, lakini vionyeshe kliniki. Malengelenge yakianzia kitovuni, nenda hospitali mapema. Muwasho katikati ya vidole vya mikono, na wengine nyumbani wanajikuna usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (skabi), na mtatibiwa nyote. Dawa ya mjamzito ichaguliwe na mhudumu wa afya.

La kuogopa zaidi ni kuwashwa viganja na nyayo bila vipele, kukizidi usiku, hasa baada ya wiki ya 28. Huenda nyongo haitoki vizuri kwenye ini, na hali hiyo ikiwa kali huongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Mkojo wa rangi ya chai, choo kilichopauka au macho ya manjano huongeza shaka, ila usivisubiri. Nenda siku hiyohiyo kituoni kwako au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo na kadi ya kliniki, useme panapowasha na saa panapozidi, na uombe vipimo vya ini na vya asidi za nyongo. Mtoto akipunguza kucheza, ondoka muda huohuo, hata kama ni usiku.