Jibu: Visigino vinainuka nikichuchumaa, nina miaka 48
Ndugu, kama magoti hayaumi, mara nyingi tatizo ni vifundo vya miguu vilivyokakamaa. Kukaa kwenye matatu ya Rongai kisha ofisini kutwa hakusaidii. Jipime peku: kidole gumba kiwe sentimita 10 kutoka ukutani, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Likikataa, sogea karibu hadi liguse, urudie mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Goti lifuate kidole cha pili. Likiangukia ndani, upinde wa wayo unabonyea na kifundo hakipati kazi ya kutosha. Kisha shika grili ya dirisha (iliyochomelewa imara, tafadhali) uchuchumae sekunde 30, mara 3. Usidundedunde. Ukihisi kubanwa mbele ya kifundo badala ya kuvutika kwenye shavu la mguu, acha, muone mtaalamu wa fiziotherapia.